Mimi Mbele, Mzee Nyuma

Jumamosi, 3 Mei

Nimerudi kutoka kazini, duka la dawa, miguu inawaka moto – Jumamosi mji mzima unaumwa – nikakuta baiskeli sebuleni. Si baiskeli ya kawaida. Treni! Viti viwili, pedali nne, imeanzia kwenye kochi imeishia mlangoni. Mzee amekaa pembeni yake, amekunja mikono, macho chini, kama mwanamume aliyeleta mke wa pili.

"Ya nani hii?"

"Yetu."

Tangu mwezi wa pili, alipoparamia mlango wa gari lililoegeshwa, hajapanda baiskeli. Ile yake aliiuza kimyakimya. Nilijua nilipoona ukuta mtupu. Presha ya macho. Daktari alimwambia asiendeshe tena barabarani peke yake. Mzee alisikia maneno mawili tu: peke yake.

"Mimi nyuma," akasema. "Wewe mbele."

Mimi! Mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa msichana wa shule. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Nimemwambia tutajaribu kesho, kidogo tu.

Nimeruka juu ya mnyororo kwenda kulala.

Jumapili, 4 Mei

Uwanja wa shule. Hakuna mtu ila mlinzi, ambaye alisogeza kiti chake karibu ili afaidi vizuri.

Mbele, pedali za kawaida na raba zangu za kutembelea. Nyuma, Mzee na viatu vyake vya siku zote, vigumu kama ubao, vina kliti chini – kile kibao cha plastiki kinachofungwa kwenye soli. Ukikanyaga, ka! Pedali imeking'ata kiatu. Ukitaka kutoka unapeleka kisigino nje.

Shida ni kwamba pedali zote nne zimeunganishwa kwa mnyororo. Akisukuma yeye, zangu zinazunguka nitake nisitake. Mguu umeteleza, pedali ikageuka ikanipiga ugoko. Nilipiga kelele kama mbuzi. Mara ya pili, ugoko uleule!

"Miguu yako inaelea," Mzee akasema. "Nayo inabidi inase."

"Ikinasa halafu nikaanguka?"

"Tutaanguka wote, mke wangu."

Eti hiyo ndiyo faraja.

Jumatano, 7 Mei

Zamani angesoma mwenyewe kwenye simu, amenuna, midomo inachezacheza. Leo nimemsomea mimi. Viatu vya baiskeli, ukurasa baada ya ukurasa. Sikujua dunia ina watu wanaogombana hivi juu ya soli!

Nimeelewa hivi. Kuna kliti kubwa za plastiki, skurubu tatu – ndizo zake. Zinashika sana, mguu mzima unakaa juu ya pedali, hakuna nguvu inayopotea. Ila kutembea nazo ni adhabu. Kliti imetokeza chini na unatembea kama bata mwenye haraka. Na kuna ndogo za chuma, skurubu mbili, zinazama ndani ya soli ya mpira. Unashuka, unaingia dukani, unanunua mkate kama binadamu.

"Nataka za skurubu mbili," nikasema.

"Hizo ni za watalii."

"Mimi ni mtalii."

"Wewe ni rubani!"

Hajaniita jina zuri hivyo tangu tulipooana. Lakini sijabadili mawazo. Kazini nasimama kutwa nzima, najua thamani ya soli.

Nilipofika kwenye picha alichukua simu, akaisogeza karibu na pua, akaipeleka kulia kidogo, kushoto kidogo. Akanirudishia. "Endelea kusoma," akasema. "Sauti yako inaenda vizuri na viatu."

Jumamosi, 10 Mei

Tumekwenda duka la baiskeli. Fundi ni dada mmoja mwembamba, mikono mieusi kwa grisi. Mzee anamwita Spoki kwa sababu magurudumu anayasuka mwenyewe. Wanapendana sana hawa wawili. Wanagombana tangu mlangoni.

Spoki amenivua viatu, akatazama miguu yangu bila adabu. "Mama, mguu wako ni mpana. Wapi panakubana?" Jozi ya kwanza iliniminya kidole kidogo. Ya pili kisigino kilipanda nilipoinuka kwenye ncha za vidole. Ya tatu – ah! Kama mtu amenishika mguu kwa mikono miwili. Ya kijivu. Kliti ndogo za chuma.

Pedali nazo kanichagulia zenye pande mbili: upande mmoja unanasa, mwingine bapa, wa kukanyaga na kiatu chochote. "Siku ukiogopa, geuza," akasema. Kanilegezea na skurubu ya pembeni ili mguu utoke hata kwa kisigino cha uvivu. Nimempenda.

Mzee alikuwa na viatu vyake vigumu miguuni. Alitaka kliti zikaguliwe. Kutoka dukani kwenda karakana kuna ngazi moja. Moja tu. Nilikuwa nimeinama nafunga kiatu, nikasikia plastiki ikiteleza kwenye kigae, halafu kishindo.

Alikuwa amepiga goti moja. Mkono umeshika meza ya fundi, funguo zimemwagika.

Spoki akaanza kuokota funguo, moja moja, polepole, kana kwamba zilianguka zenyewe.

"Mzee, jaribu na wewe hizi za kutembelea," akamwambia baadaye, kwa upole.

"Za watalii sitaki."

Tumerudi na jozi moja. Yangu.

Jumapili, 11 Mei

Masomo kwenye korido. Mimi juu ya baiskeli, bega ukutani, Mzee ameshika kiti. Nasa. Toa. Nasa. Toa. Anasema nisitazame chini, nisikilize. Kweli kuna sauti mbili: ka ya kunasa, na ke – nyepesi kidogo – ya kutoka. Yeye anazijua kama mtu anavyojua nyayo za watu wa nyumbani kwake.

Kisha uani, bila ukuta. Nimekwenda mpaka kwenye kamba ya nguo, nikasimama vizuri kabisa, nikajisifu moyoni – na miguu yote miwili bado imenaswa! Nikaenda chini taratibu kama gunia, pamoja na shuka mbili za jirani.

Mzee hakuona vizuri, kasikia. Akacheka mpaka akashika ukuta. Ndipo akauliza, "Umeumia?"

Nyonga ina rangi ya zambarau. Amenikandia na barafu kwenye taulo, bado anacheka, anajizuia, anacheka. Ni muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo. Niko tayari kuanguka tena kesho.

Alhamisi, 15 Mei

Binti yetu kitindamimba kapiga simu kutoka mji anakofanya kazi. Jirani wa shuka kampasha habari! Akaongea nami nusu saa bila kupumua. Kwamba baba haoni sawasawa, mama hajui kuendesha, nani kakaa chini akatunga mpango huu? Kwamba mfupa wa nyonga ukivunjika kwa umri wangu mimi ndiye ninayewaambia wateja habari zake. Kweli. Nawaambia.

Anakuja mwisho wa mwezi. Anakuja kutuzuia.

Mzee alikuwa ananyoosha mkono apewe simu. Alipopewa alisema tu, "Mwanangu, umekula?"

Jumamosi, 17 Mei

Sijui niandikeje.

Asubuhi tulitoka mapema, barabara ya bwawani, ile tambarare isiyo na magari. Nimenasa mguu wa kulia, nikahesabu kwa sauti, tukaondoka – vizuri! Wa kushoto ukaingia bila kuutafuta. Ka. Nyuma yangu, ka. Tukawa tunakwenda. Upepo kidogo, ndege weupe majini. Nilikuwa namsimulia: kushoto mtu na mbwa, kulia boti imepinduliwa, mbele kiraka cha lami.

Akasema, "Lile la kushoto limeshakwenda."

Nilidhani ni jibwa lile.

"Jicho," akasema. "Kabla ya mwaka mpya. Nilidhani utagundua."

Mimi! Ninayemfungulia dawa kwa mikono yangu. Ninayemwona akidondosha matone kila siku, tone moja, ametulia. Sikugundua.

"Na la kulia?"

"Ni kama kuchungulia kwenye bomba. Bomba linazidi kuwa jembamba."

Nilitaka kusimama. Nilitaka kugeuka nimwone uso. Lakini wa mbele hageuki. Ukigeuka unapeleka wote mtaroni. Na kama ningekuwa na zile pedali za zamani ningeshatupa miguu chini papo hapo. Miguu ilikuwa imeshikwa, inazunguka, na ninasikia yake ndani ya yangu. Anasukuma. Hajalegea hata kidogo.

"Usisimame," akasema. "Nisingeweza kukwambia mezani. Endesha tu."

Nimeendesha. Machozi yalikwenda masikioni kwa upepo.

Baadaye akaniomba nisimwambie binti. Atamwambia mwenyewe.

Jumatatu, 19 Mei

Kazini. Mama mmoja kaja na cheti cha matone yaleyale. Nimemweleza kama ninavyowaeleza wote: tone moja, fumba, bana kona ya jicho karibu na pua, usiruke hata siku moja, dawa hairudishi kilichokwenda ila inalinda kilichobaki. Akanishukuru sana. Nikaenda stoo nikasimama kati ya maboksi.

Nikarudi. Palikuwa na foleni.

Jumatano, 21 Mei

Mzee mwenyewe kasema leo twende kwa Spoki.

Amekaa kwenye kile kibenchi akaomba aletewe za kutembelea, za skurubu mbili, jozi zote zinazomwenea. Akazichagua kwa vidole. Alikunja soli – hii laini mno, itachosha unyayo. Akaingiza ngumi ndani, akapapasa mshono. Zenye kamba hakuzitaka. Kamba huingia kwenye mnyororo, na kuitafuta si mchezo. Zenye utepe wa kubandika, Spoki kasema zinalegea zikila vumbi. Mwisho akapata zenye kidude cha kuzungusha juu ya mguu: tik tik tik, kiatu kinakaza; unakivuta, kinaachia.

"Hii nitaifunga hata gizani," akasema. Spoki akacheka kwanza, kisha akaacha.

"Nyeusi?" Mzee akauliza.

"Bluu," nikamwambia. "Bluu ya kelele."

"Basi bluu."

Akatembea duka zima. Akaipanda ile ngazi ya karakana, akaishuka, akaipanda tena. "Soli hii inaniambia sakafu iko wapi," akamwambia Spoki, si mimi. Akasogezewa kliti nyuma kidogo ili kifundo kisichoke, akachukua na pedali za kliti hizo ndogo. Hakubishana hata mara moja, na hilo ndilo lililonichoma.

Njiani alinishika kiwiko. Si kwa kuongozwa. Au ni kwa kuongozwa – sijui. Tulitembea hivyo mpaka nyumbani.

Jumapili, 25 Mei

Bwawani na kurudi, bila kuanguka! Kilima cha mwisho tumekipanda pamoja, ananiambia "sasa", nasukuma, "sasa", nasukuma. Mlinzi wa shule katupigia saluti.

Nina njaa kama mkulima.

Alhamisi, 29 Mei

Nimemuuliza lini atamwambia binti.

"Nitamwambia barabarani," akasema. "Usoni siwezi. Ule uso ukilia, na mimi nisiuone vizuri – hapana."

Nikamkatia kucha za miguu.

Jumamosi, 31 Mei

Kaja. Begi mkononi na hotuba mdomoni. Kamkumbatia baba yake, kanikumbatia, kaiona treni sebuleni. "Mama, hii itauzwa leo leo."

Mzee kaingia chumbani. Katoka na viatu vya bluu miguuni.

"Panda mbele," kamwambia.

"Baba!"

"Mpaka kwenye kona tu. Ulipokuwa mdogo nilikimbia nyuma yako nimeshika kiti mpaka mapafu yakanitoka. Leo acha nikae."

Binti kanitazama. Nilijua anataka niseme hapana. Nami nilijua Mzee anataka kufanya nini. Nikainama nikageuza pedali za mbele, upande wa bapa, kwa sababu kavaa raba. Nikashusha kiti kidogo. "Ukianza, hesabu kwa sauti," nikamwambia. "Na usigeuke nyuma."

Sasa niko jikoni. Dirisha linaonyesha barabara mpaka kona.

Wametoka getini wanayumba, binti anapiga kelele, baba anacheka. Wamenyooka. Wanakwenda vizuri. Mzee anaongea – naona taya. Anaongea. Binti ametulia ghafla, mabega yamepanda.

Wamesimama. Mguu mmoja wa binti uko chini. Mzee bado yuko juu, miguu yote miwili ndani ya pedali, amemwegemea. Binti hajageuka. Mkono wake umerudi nyuma, unapapasa hewani. Umepata goti la baba yake.

Birika linachemka. Acha lichemke.

Kuna gari limekuja nyuma yao, limepunguza mwendo. Halipigi honi. Mzee kalisikia, kainua mkono kumpungia dereva apite. Kapita.

Bado wamesimama. Nimeshika kitasa cha mlango, nimekiachia.

Binti kajifuta uso kwa bega. Kasema kitu. Kahesabu – naona kichwa: moja, mbili – na kakanyaga. Nilidhani watageuza. Hawageuzi! Wamefika kwenye kona, wameinama pamoja, wamekata. Siwaoni.

Nimetoka mpaka getini na kalamu mkononi. Barabara tupu. Kona tu, walisema. Naandika nimesimama, nasikiliza kama mnyororo unarudi.