Bega la Mpaka Rangi

Jumatatu, 3 Juni

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu na Mama bado anakuficha chumvi. Sisi huku wazima, ila mimi usingizi umenipaa.

Unajua nimekabidhiwa darasa lako la altrasaundi ya bega: wanafunzi wa udaktari kumi na wawili, na madaktari wanne. Ijumaa tulimkalisha kitini mpaka rangi wa hospitali, anayeumwa bega la kulia tangu mwezi wa pili. Nikaweka kipimio cha mashine begani, nikawageukia wanafunzi nieleze, na kwenye skrini kano ikaonyesha doa jeusi. Nikasema mbele ya wote, "Hapa imechanika." Hata mgonjwa mwenyewe nikamwonyesha. Daktari wa mifupa alikuwepo, akampangia upasuaji Alhamisi, tarehe 13.

Jana nilizitazama tena picha. Baba, ukingo wa mfupa chini ya doa umefifia. Naogopa mkono wangu uliinama, kano ni nzima, na mtu atapasuliwa bure. Nikirudi kusema nilikosea, nani atanisikiliza tena?

Binti yako

Alhamisi, 6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale; chumvi nimeshaigundua ilipo.

Nisome polepole. Kano ni nyuzi nyingi zilizolala pamoja. Sauti ya mashine ikizipiga wima, zinairudisha, nawe unaona weupe. Kipimio kikiinama kidogo tu, sauti inarukia kando, na kano nzima inaonekana nyeusi kama imetoboka. Doa la mkono hupotea ukiunyoosha mkono. Doa la bega hubaki. Hilo nilikufundisha.

Nisilokufundisha ni hili. Ukipima peke yako, mkono wako ni mzuri kuliko wangu. Lakini mtu akigeuza uso aongee na watu, kiwiko humfuata na kifundo cha mkono hulegea. Mimi nilifundisha miaka yote nimewapa wanafunzi mgongo, wakaniita Mzee Kisogo wakidhani ni dharau. Ilikuwa woga. Nilipaswa kukwambia.

Mwite umpime tena. Bega likishapasuliwa halirudi kuwa lile.

Baba yako

Jumatatu, 10 Juni

Baba,

Shikamoo. Mambo yamekaa vibaya.

Daktari wa mifupa ameniambia picha nilitoa mwenyewe, na kama nina wasiwasi ningekuwa nao siku ile. Mpaka rangi naye hataki kuja. Msimamizi wake alikuwa akimwita mvivu mbele ya wenzake. Sasa ana karatasi yenye muhuri inayothibitisha kuwa bega limechanika. Alinijibu kwenye simu, "Daktari, tundu nimeliona kwa macho yangu. Leo unaniambia halipo?" Akakata.

Tangu hapo, nikisikia ngazi zake zikiburuzwa koridoni, nageuza njia. Zimebaki siku tatu.

Binti yako

Jumatano, 12 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nampa barua hii dereva wa gari la dawa, uipate leo leo.

Anaogopa utamnyang'anya ushahidi. Anza kwa kumwambia maumivu yake ni ya kweli. Kisha mpe kipimio akishike mwenyewe. Ameamini macho yake. Basi macho yake yafanye kazi.

Nami naogopa. Nenda hivyo hivyo.

Baba yako

Ijumaa, 14 Juni

Baba,

Shikamoo. Jana nilimkuta mlangoni pa chumba cha upasuaji, ameshavaa gauni la kijani, anatazama vidole vya miguu yake. Niliisukuma mashine hadi pale. Daktari wa mifupa akatoka, akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwomba dakika tano.

Nilimwambia mpaka rangi kama ulivyosema. Nikampa kipimio mkono wa kushoto, mimi nikamshika kifundo. Akakiinamisha: nyeusi. Akakinyoosha: nyeupe. Alirudia mara sita. Daktari wa mifupa alitazama mpaka mwisho, akaingia ndani na kulifuta jina lake kwenye orodha.

Kilichovimba ni kifuko cha majimaji kilicho juu ya kano. Kitatibiwa kwa dawa na mazoezi, na karatasi mpya ya kumpelekea msimamizi nimeshamwandikia.

Nilidhani yameisha. Alikuwa akifunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, akauliza taratibu, "Na wale wengine?"

"Wengine gani?"

"Uliowapima huku ukiongea na darasa."

Baba, nimelifungua daftari la masomo. Wako kumi na tisa. Wawili walishapasuliwa. Nimeanza na hao. Simu ya wa kwanza inaita sasa hivi ninapoandika.

Binti yako