Profesa Haniamkii Tena kwa Sababu ya Riwaya ya Evdokia

Mpendwa Bi Rumyana, nisaidie, maana nina furaha na bado roho haijatulia. Mimi ni mtafiti wa fasihi hapa Plovdiv, na kwa miaka nimemchunguza Evdokia Sarafova, aliyeandika kabla ya vita riwaya isiyo na nukta hata moja, wanawake wa ghala la tumbaku wanasema wote kwa pamoja, sauti ya huyu inaingia ndani ya sauti ya yule, nawe ukizoea unamsikia kila mmoja, lakini wahakiki wa wakati ule wakamwita mgonjwa wa akili, kisha wakamsahau. Msimamizi wangu, Profesa Tsankov, ndiye aliyenifundisha kusoma kwa makini, ila alishikilia kwamba Evdokia alimwiga mumewe mshairi, nami nikakuta sura za kwanza zilishatoka gazetini huko Ruse kabla hajamjua bwana huyo, nikamwonyesha, akasema, "Binti, mke hujifunza kwa mume, hilo halihitaji gazeti." Nikakataa kuandika hivyo. Siku ya kutetea tasnifu profesa akayarudia maneno hayo mbele ya jopo, nikamjibu, "Basi alimwiga mtu ambaye alikuwa hajakutana naye," watu wakacheka, nami nikaongeza kwamba labda profesa anahitaji miwani mipya. Jopo likanipitisha kwa kauli moja. Mpwa wake Evdokia, Bibi Kalina, aliyekuja amevaa koti la sikukuu, akanishika mikono akasema, "Tulilelewa tukiambiwa shangazi alikuwa kichaa. Leo nakwenda kuwaambia wajukuu alikuwa mwandishi." Nilijivuna, sikufichi. Lakini sasa nikikutana na profesa kwenye ngazi anageukia ukuta, na mama yangu hanipi nafasi: "Mpikie banitsa, pai ya jibini, umwambie ulikosea, mwalimu ni mzazi." Nikikiri kosa, si nitakuwa nimemzika Evdokia mara ya pili?

Zornitsa

Zornitsa mwanangu, hongera, na uipokee kichwa juu. Umemtoa mwanamke mzima kwenye kaburi la kejeli. Wengi hustaafu bila kufanya hata nusu ya hilo.

Sasa nikuseme. Umefunga mambo mawili fundo moja, ndiyo maana halifunguki. Utafiti wako ni wa kweli, na ukweli hauombewi radhi, si kwa profesa wala kwa mama. Lakini ile miwani ilikuwa ya nini? Ulikwishashinda. Hapo hukuwa unamtetea Evdokia, ulikuwa unatafuta kicheko kwa kumdhalilisha mzee aliyekufundisha kusoma.

Banitsa ipike. Nenda ofisini kwake mchana, peke yako, umwambie, "Nisamehe kwa kukudhihaki mbele ya watu." Kisha nyamaza. Akikuuliza, "Na lile la kumwiga mume?" mjibu kwa adabu, "Hilo linabaki kama nilivyoandika." Asipokula, usilie, acha sahani mezani uondoke, deni lako umelipa.

Halafu tafuta mchapishaji wa riwaya ya Evdokia, na usikubali mtu atie nukta hata moja.

Na ukishakuwa profesa wewe, atakuja binti na ushahidi wa kukupinga. Mvutie kiti.