Polepole Aliporudi Pangoni

Wekesa rafiki yangu,

Nilitupa udongo kwenye kaburi lako kwa mkono wangu huu. Niliona jeneza likishuka, nikamwona mama yako akishikiliwa na wanawake wa kanisa asije akaanguka. Kwa hivyo unielewe nikikwambia kwamba Jumapili ile jina lako lilipowaka kijani kwenye simu yangu, niliitupa simu kitandani kama kitu kilichoniuma.

Ilikuwa mchana. Nilikuwa nimetoka kanisani, niko kwangu hapa Kitale na sahani ya chakula magotini. Nilifungua gemu letu nione kama Kibet ama Nanjala wamo. Tangu pikipiki ikuangushe kwenye njia ya Bumula, jina lako lilikaa chini ya majina yetu likiwa la kijivu, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuliondoa. Sasa lilikuwa kijani. Polepole. Amesimama mlangoni mwa pango.

Nilipoiokota simu, Kibet alikuwa ameliona pia. Sauti yake ilinifikia kutoka Endebess ikitetemeka. "Njeri, huyo ni nani? Si uniambie, huyo ni nani, bana?" Nanjala, kule kwao Tongaren, alivuta pumzi tu, halafu akapotea. Baadaye aliniambia kwamba aliizima simu, akaitia ndani ya debe la unga na kulifunika.

Na wewe ulikuwa umesimama tu. Lile koti lako jekundu, lile panga refu begani. Kisha ukaanza kukimbia.

Hapo ndipo woga wangu ulipogeuka ukawa mbaya zaidi, kwa sababu wewe hukuwa mtu wa kukimbia. Tangu tulipokuwa chuo, kila niliyemwona akipewa panga kwenye lile gemu alimrukia mnyama na kumkatakata bila kuangalia, na mimi mponyaji, nikiwa nyuma, nikamwaga dawa yangu yote kumwokoa. Wewe ulijiita Polepole, na kweli ulingoja. Ulimwacha Kibet atangulie na ngao yake, mnyama amkasirikie yeye kwanza. Ulimwacha Nanjala atupe mishale kutoka mbali. Wewe ukazunguka taratibu mpaka ubavuni, ndipo ukaanza kazi. Miaka yote hiyo nimesimama nyuma nikitazama mgongo wako. Ningeujua popote. Huyu aliyekimbia alikuwa na mwili wako, lakini mikono haikuwa yako.

Mnyama mdogo kabisa wa mlangoni, yule wa kufunzia wageni, akamwangusha. Akaamka, akakimbia tena, akaanguka tena. Kifo chako mimi niliambiwa kwa simu, sikukiona. Sasa nilikuwa nakiona, na kinarudiwa.

Halafu kipaza sauti chako kikafunguka. Kwanza nikasikia kuku. Nikasikia kiti kikikwaruza sakafu, na mtu anapumua karibu sana na simu. Kisha sauti ya chini, kama ya mtu anayebisha mlango wa nyumba yenye mtoto mchanga.

"Wekesa? Uko hapo?"

Ilikuwa sauti ya mama yako.

Ningemjibu nini? Nilizima kila kitu nikatoka nje, nikasimama karibu na jirani aliyekuwa akianika nguo, nikajifanya nina hadithi za kumpigia. Mimi nimeokoka, mambo ya mizimu siyaamini, unajua vile tulikuwa tukibishana juu yake. Lakini siku hiyo sikutaka kukaa peke yangu ndani ya chumba kimoja na simu yangu mwenyewe.

Ilibidi niende Bumula. Sikuambiwa na mtu. Kila siku jina lako liliwaka saa za mchana, na kila siku uliangushwa pale pale mlangoni. Kibet aliniuliza kama tumripoti, hiyo akaunti ifungwe. Nikamwambia angoje. Nikaomba ruhusa dukani ninakofanya kazi, nikashika njia. Nilipofika Bungoma mjini nikanunua mkate na sukari, halafu nikasimama nimeshika ule mfuko. Niliogopa kwamba mama yako ameshikwa na kichaa cha huzuni. Niliogopa kwamba ataniuliza uko wapi. Na niliogopa, Wekesa, naandika hili kwa sababu hakuna mwingine wa kumwandikia, kwamba nitaingia ile nyumba nikukute umekaa.

Alikuwa shambani akipalilia maharagwe. Aliniona kutoka mbali, akaweka jembe chini.

"Mulembe, mwanangu. Njeri wa Kitale. Nirijua utakuja."

Amekonda. Gauni lile la bluu ulilomnunulia linamning'inia mabegani. Alinipikia chai, akanikatia mkate ule ule niliouleta, kisha akaenda chumbani na kurudi na simu yako imefungwa ndani ya leso. Aliifungua mbele yangu kama anayeonyesha kidonda kwa daktari.

"Huyu," akasema, akikuwekea kidole kifuani, pale kwenye koti jekundu. "Nimeshindwa na yeye. Nikimsongesha, anapigwa."

Nikamuuliza kwa nini anamsongesha. Nilitarajia aniambie kwamba amekumiss tu. Aliinama akaanza kukunja ile leso, akaikunjua, akaikunja tena.

"Tukila, alikuwa akinihadithia. Ati kuna mnyama huko chini kabisa, mkubwa, amewashinda nyinyi wote. Nikamwambia aweke simu chini apumzike. Akasema, 'Mama, nikimuua huyo tu, nitapumzika.'" Akaniangalia. "Sasa hakumuua. Ameenda bila kumuua. Anapumzika aje?"

Akaendelea kuniambia kwamba tangu mazishi anasikia mlango wa jikoni ukifunguka, akienda kuangalia hapati mtu. Mchungaji amekuja kuomba, wamekemea, na bado mlango unafunguka. Anaogopa kulala na anaogopa kuamka. Nikamuuliza kuhusu Jumapili ile, alipokuita. Alidhani ni wewe kweli?

"Nirijua si yeye," akasema. "Rakini ningeachaje kuuliza?"

Ningeweza kumwambia kwamba ulikuwa ukisema tu, vile vijana husema. Ningemwambia kwamba gemu ni gemu. Maneno yalinifika mdomoni, nikaangalia ile mikono yake imeshika simu yako kwa hofu, na nikajua hatayasikia. Basi nikahamisha kiti changu, nikaketi kando yake. Nikamwambia, "Mama, wacha nikuonyeshe vile alikuwa akifanya."

Ungecheka, Wekesa. Au ungeondoka chumbani kwa aibu. Jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba asiingie mbele. Hakuelewa. Mtu ana panga, kwa nini asitangulie? Nikamweleza kwamba panga lako linaumiza sana lakini ngozi yako ni laini. Kibet ndiye mwenye ngao, apigwe yeye, ni kazi yake, na mimi nitamtibu. "Wewe kaa mpaka mnyama amshike Kibet, ndio umwendee." Nikamwambia asimame nyuma ya mnyama, kwa sababu mbele ndiko kuna meno.

Akakataa katakata. "Nyuma? Nyuma ya ng'ombe ndiko kuna teke! Mtu anakaa hapa." Akagonga ubavu wake mwenyewe.

Ubavuni ndiko ulikokuwa ukisimama wewe siku zote. Niliwahi kukuuliza mbona usiende nyuma kama wengine, ukasema umezoea tu. Kumbe umezoea kukamua ng'ombe.

Tulikaa hivyo siku mbili. Alijifunza kwamba ardhi ikiwaka duara jekundu lazima atoke, hata kama mnyama amebakisha pumzi moja, maana panga la maiti halikati. Hilo lilimchukua muda. Kila mara alitaka kupiga mara moja tu ya mwisho, akaungua. "Toka kwanza, Mama! Utarudi!" Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Alijifunza kuhifadhi lile pigo kubwa, asilimalize kwa vinyama vya njiani. Alijifunza kuangalia miguu ya mnyama kuliko panga lake mwenyewe. Kibet na Nanjala waliingia kutoka makwao wakamsalimia, wakaona haya mwanzoni, kisha Kibet akaanza kumwita Mathe, kama anavyomwita mama yake, na kumwambia, "Pole pole Mathe, huyu ni wangu, ngoja anigeukie." Nanjala alilia kidogo. Alikuwa ametoa simu kwenye unga.

Lakini mimi nilikuwa na woga wangu ambao sikumwambia yeyote. Nilijua kitu ambacho mama yako hakukijua. Chini ya pango lile kuna pango lingine, na lina mnyama mwingine mkubwa zaidi. Wale watu wanaotengeneza gemu wanaongeza kila mwaka, haliishi. Tukishindwa, mama yako ataendelea kusikia mlango. Tukishinda na aone njia ya kushuka chini zaidi, je? Nitakuwa nimemfungia mwanawe nje ya mapumziko milele.

Tuliingia Jumamosi mchana. Mawingu yalikuwa yametanda, na kabla hatujafika chini radi ikaanza. Unajua radi ya kwenu. Kule watu wanazima simu ikinguruma, na wana sababu. Nikamwambia, "Mama, tungoje ipite." Akatikisa kichwa. Mvua ikaanguka juu ya mabati, sikuweza kumsikia Kibet tena, nikabaki naangalia tu miili yetu kwenye kioo cha simu.

Mnyama akatoka. Nilikuwa nimesahau ukubwa wake. Kibet akamshika vizuri, Nanjala akamtupia mishale, na Polepole akazunguka. Alizunguka taratibu, Wekesa. Koti jekundu likapita ukutani, likasimama ubavuni, na kwa muda mfupi nikaona mgongo wako. Niligeuka kumwangalia mama yako ili nihakikishe ni yeye anayecheza. Midomo yake ilikuwa ikisonga, sijui anaomba ama anahesabu miguu.

Nanjala akaanguka kwanza. Duara lilimpata akiwa anavuta upinde. Halafu ngao ya Kibet ikavunjika, dawa yangu ikachelewa, naye akaanguka. Tukabaki wawili. Mnyama akanigeukia mimi. Mimi sina panga, sina ngao, nina chupa za dawa tu. Radi ikapiga karibu sana, taa ikazimika nyumbani, na ardhi chini ya Polepole ikawaka nyekundu.

"Toka, Mama!"

Alitoka. Mnyama alikuwa amebakisha uhai mwembamba kama uzi, ningemwelewa kama angejaribu, lakini alitoka. Akasimama pembeni akingoja ule moto uzime, huku mimi napigwa, namaliza chupa yangu ya mwisho. Sijawahi kuona mtu akingoja vile. Nilitaka kupiga mayowe. Moto ukazima, akarudi ubavuni, na akaachilia lile pigo kubwa alilokuwa amelificha safari nzima.

Mnyama akaanguka.

Hatukushangilia. Kibet alikuwa akisema kitu lakini mvua ilimfunika. Polepole, bila mtu kumgusa, akaweka panga begani na kucheza ile ngoma ya kipuzi uliyomchagulia, ya kutingisha mabega, akizunguka zunguka peke yake pale pangoni. Mama yako alitoa kicheko, cha ghafla, kama mtu aliyefinywa. Kisha akafunika uso kwa leso, akalia mpaka kiti kikatikisika, nami nikamshika mgongo.

Alipoondoa leso, aliona. Kwenye ukuta nyuma ya mnyama, mlango ulikuwa umefunguka, na ngazi zinashuka gizani.

"Hiyo ni nini?"

Nilitamani kudanganya. Nilikuwa nimeutayarisha uongo kabisa, kwamba ni njia ya kutokea. Haukutoka.

"Ni pango lingine, Mama. Kuna mnyama mwingine huko."

Aliziangalia zile ngazi kwa muda mrefu. Mvua ilikuwa inapungua. Nilimwangalia usoni nikisubiri kuvunjika kwake, na nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa lolote tangu ufe.

"Huyo hakuniambia juu yake," akasema mwishowe. "Aliniambia huyu mmoja. Basi huyo mwingine si wake. Huyo ni wenu."

Akazima simu yako, akaifunga kwenye leso, akaenda kuangalia kama maji ya mvua yameingia jikoni. Asubuhi yake nilimuuliza kuhusu ule mlango wa jikoni. Akasema hajui, alilala.

Wekesa, sasa Kibet na Nanjala wanataka tushuke. Tumetafuta mtu wa kushika panga, hatujapata, na wote wawili wamesema ni mimi, kwa sababu ndimi niliyekutazama zaidi. Nimetengeneza shujaa mpya. Sijazoea kuwa karibu na mnyama hivyo. Nikimkaribia nasikia pumzi yake masikioni na vidole vinateleza kwenye kioo kwa jasho. Naogopa sana, sitakuficha. Siku zote nimekuwa na mtu mbele yangu.

Na nikiogopa, huwa nakuita. Hukujua, maana nilikuwa nikizima kipaza sauti kwanza. Nilikuita ukiwa hai na nimekuita ukiwa umekufa, hata jana, nikiwa peke yangu na vinyama vya mlangoni.

Kwaheri, rafiki yangu. Kazi yako imeisha, mama yako ameimaliza kwa mikono yake. Nakuahidi kwamba nitashuka na wenzetu, na huko chini, hata kama niko karibu kufa kwa woga, sitakuita tena.

Lala.

Njeri