Picha Haikukatwa na Mtandao

Nyumba za Walimu,
Chuo cha Uuguzi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Pole na kazi, na pole na baridi ya huko. Goti linaendeleaje? Ulisema wazee unaowatunza wamekuwa wazito kuwageuza kitandani. Sisi ni wazima, ila Baba anakohoa asubuhi na hataki kusikia habari za daktari. Unamjua.

Wifi yako amerudi kazini, na mtoto ameanza kuota meno. Anang'ata kila kinachopita mbele yake.

Dada, kuna jambo limenikaa rohoni. Ningekupigia simu, lakini najijua, ningeikata kabla sijafika mwisho.

Muhula huu madarasa yamejaa laptopu. Nikisimama mbele naona migongo ya mashine, na nyuso zimeinama kama za watu wanaoota moto. Mwezi uliopita nilikuwa nafundisha vipimo vya dawa za watoto wachanga. Nikauliza swali, hakuna aliyeinua kichwa. Nikarudia, kijana mmoja wa nyuma akashangilia bao. Nikawaza, huyu ndiye kesho atakayeshika sindano. Nikamwendea mkuu wa idara kuomba laptopu zipigwe marufuku. Akaniambia nianze kujaribu darasani kwangu.

Basi Jumanne nikaagiza zifungwe. Walinung'unika, wakafunga. Mmoja hakufunga. Nikapita kati ya madawati nikiwa nimefura, kufika, ni binti yako. Na kwenye kioo ulikuwepo wewe.

Ulikuwa na sare yako ya bluu, umekaa kwenye ngazi, unakula mkate. Sauti imezimwa. Hamkuwa mnaongea chochote. Ulikuwa unamtazama tu akisoma.

Darasa zima likanikodolea macho, lione kama nitampendelea mpwa wangu. Nikasema, "Funga."

"Sawa, mwalimu," akasema, akafunga.

Kwa hiyo picha ilipopotea siku ile, Dada, usiulaumu mtandao. Ni mimi.

Jioni nyumbani alinieleza kwamba mapumziko yako yanaangukia kipindi changu, na ukitoka zamu yeye ameshalala. Kwamba wewe mwenyewe ulimwomba: huhitaji maneno, unataka tu kumwona akiwa mwanafunzi. Hakulia. Yule tuliyemwita Kasuku kwa kutonyamaza hata akiwa na tonge mdomoni, alisema hayo machache akaenda kuosha vikombe.

Kesho yake nikarudi kwa mkuu wa idara, nikamweleza yote, nikiomba binti yako aruhusiwe. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Kisha akauliza, "Na wengine ambao mama zao wako mbali?" Ijumaa akatangaza kwamba jaribio limefaulu, na kuanzia kesho Jumatatu marufuku ni ya chuo kizima.

Na kweli limefaulu. Darasa sasa linasikiliza, linauliza, hata yule wa mpira ameanza kupatia vipimo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Siwezi hata kusema nilikosea.

Nimejaribu kuhamisha kipindi, lakini chumba hakipatikani, wanafunzi wa ukunga wanakitumia asubuhi yote. Nilifikiria kukuomba uombe kubadilishiwa mapumziko, nikakumbuka jinsi msimamizi wako alivyo. Sioni pa kushika.

Ijumaa binti yako alibaki nyuma akanisaidia kufuta ubao. Akauliza, "Mjomba, mama utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Nikasema mimi. Ndiyo maana nimeandika.

Baba anakusalimu, wifi yako pia, na shangazi mshonaji anasema gauni lako liko tayari, linakusubiri wewe. Mungu akufunike huko uliko na akurahisishie kila zamu.

Nilimpa binti yako kalamu aongeze neno hapa chini. Ameishika kitambo, kisha amenirudishia. Amesema hajui aandike nini, amezoea kukuona.

Ndugu yako akupendaye daima,
Mdogo wako