Mimi na Paka Wako Juu ya Mizani

Mwanangu,

Barua yako nimeipata: kurasa mbili za paka, mstari mmoja wa mamako. Haya, nami nakujibu hivyohivyo.

Paka wako chotara hajambo. Minyoo imeisha, chanjo kapata, na masikio namsafisha kwa pamba, ingawa ananiparura kama kamkamata mwizi. Daktari wa mifugo alicheka nilipomwambia kuwa hatulii kwenye mizani. "Mama, mbebe mpande wote. Kisha panda peke yako, utoe uzito wako."

Basi kila Jumapili tunapanda. Mara ya kwanza tulikuwa kilo sitini na tano sisi wawili. Jumapili hii, baada ya miezi miwili, ni hamsini na nane. Usimwogopee paka, yeye kaongezeka: alikuwa na tatu, sasa ana nne.

Dadako ananisukuma nikwambie yote. Nimeshakwambia, kutoa ulifundishwa shuleni. Jumatano narudi kwa daktari wa watu. Huyo hacheki.

Ukija, njoo na kikapu cha kumbebea paka. Na uje mapema, akuzoee ningalipo.

Mamako