Siku Niliyomnyoa Okello

Mjukuu wangu Zawadi,

Hapa Namuwongo tu wazima. Mama yako bado anauza samaki wa Ggaba, na goti langu halijaacha kunisumbua. Umeniuliza kama yule mtu wa riwaya yenu ya shule alikosea kumuua rafiki yake mgonjwa kwa huruma.

Enzi za utawala wa wanajeshi, jirani yangu Okello alikuwa askari. Wenzake walimpiga hadi akapooza mikono na miguu, kwa sababu alikataa kuwaambia nilikojificha. Nilimuuguza miezi mingi. Asubuhi moja nikimnyoa, alifumba macho akasema, "Nimalize, ndugu."

Niliweka wembe chini, nikachukua mto. Sikumuuliza hata neno moja.

Akafumbua macho. "Ndevu bado iko. Nimalize!"

Kumbe alitaka nimmalizie kunyoa. Kiswahili chake cha kambini hakikuwa na "nimalizie", na mimi nililijua hilo miaka yote.

"Mto ya nini?"

"Ya kukuegemeza," nikamdanganya.

Yule wa riwaya siwezi kumhukumu, mjukuu wangu. Najua tu kwamba siku ile aliyetaka kupumzika nilikuwa mimi, na Okello aliinua kichwa ili nimwekee mto.

Babu yako