Posa ya Neema, Australia Magharibi

Dada Skola,

Shikamoo. Mdogo wako mzima, ila jua la huku linachoma hadi kivuli cha mtu. Jimbo hili la Australia Magharibi lingemeza Tanzania mara mbili na bado likaomba chai, lakini watu wake wote hawaijazi Dar. Lina bunge lake na waziri mkuu wake, achilia mbali wa nchi nzima.

Luka alinifuata mwenyewe kumposa binti yako Neema. Nikamwambia, "Sie hatuongei na bwana harusi. Lete mshenga." Akapiga simu. Baada ya saa nne ikaingia pikapu imejaa vumbi, akashuka jirani yao wa shambani, mzee wa kaptula. Kumbe ndiye mbunge wao! Mbunge mzima, dada, katumwa kwangu mie.

Nikamuuliza lile linalokunyima usingizi: "Binti yetu akiugua huko shambani, nani atamsikia?" Neema akatafsiri huku kajiinamia. Mzee akajibu, "Jirani wa karibu ni mimi. Saa moja kwa gari."

Nilitaka kukataa. Halafu nikakumbuka ulivyoanguka bafuni hapo Kiwalani, ukuta wako umegusana na wa jirani, na aliyekuja kukuinua ni mie kutoka Manzese. Huyu kaendesha saa nne kwa simu moja tu.

Nimempa Neema. Lia kidogo, kisha kashonishe gauni.

Mdogo wako akupendaye,
Beno